Mwaka wa Ndago

Niliondoka kwenye kambi ya mkonge asubuhi moja ya kiangazi, kabla kengele ya kazi haijagongwa, na kama mtu angenisimamisha njiani akaniuliza ninakwenda wapi, nisingekuwa na la kumjibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, blanketi moja, shati la kubadili, na kisu cha kukatia mkonge ambacho hakikuwa changu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Mwalimu alikataa kunieleza kwa nini mwezi hupungua, nami sikuweza kukaa mbele ya mtu anayejua jambo akaninyima. Nilifuata reli siku tatu nikila mihogo ya kuomba, nikaingia Dar es Salaam, nikaupita mji bila kusimama, nikaendelea kaskazini mpaka nikafika Osterbei, kwenye nyumba za Wazungu wa serikali. Huko ndiko nilikomwona mwanamume mzima, ndevu zake zimeshaanza mvi, amepiga magoti juu ya majani mbele ya nyumba, anayapekua kwa vidole jani kwa jani. Nikasimama nje ya ua nikamtazama mpaka jua likaanza kunichoma kisogo.

"Unatazama nini, wee wa bara?" akasema bila kuinua kichwa. "Kwenu hakuna majani?"

"Yapo. Ila sijaona mtu akiyatoa chawa."

Alicheka mpaka akakaa kitako. "Basi ingia, uje uyatoe na wewe. Mwenzangu amekimbia juzi, na mie magoti yamekwisha."

Huyo alikuwa Salum Kibwana, na juzi tumemzika. Habari zilinifikia zikiwa zimechelewa, kama zinavyonifikia habari zote, maana sina anwani ya kudumu. Nilipofika makaburini Temeke watu walikuwa wameshafukia, wanakung'uta mikono. Tuliporudi nyumbani kwa marehemu, binti yake Zuhura, mama mzima sasa mwenye wajukuu, akaja akanipa mkono. "Shikamoo, baba. Mzee alikuwa akikutaja." Nikaitikia marahaba. Nimetembea nchi hii tangu ujana nikiwauliza watu maswali, nimewauliza wachimba visima, wakunga, makuli wa bandarini, hata polisi waliokuwa wamenikamata, lakini nilishindwa kumuuliza Zuhura alikuwa akinitaja kwa lipi.

Salum alikuwa Mzaramo, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika, na majani yale aliyaita zulia. Mwaka kwake haukuwa na miezi, ulikuwa na kazi za zulia tu. Kiangazi hukati fupi, unayaacha marefu yajifunike miguu, kwa sababu jua likiona udongo linaula. Unamwagilia kabla jua halijatoka, na ukimwagilia mchana umeyapika. Kabla ya masika unayachoma matundu kwa uma wa chuma, hatua kwa hatua, kisha unatandaza udongo mwembamba uliochekechwa, ili mvua iuteremshe kwenye matundu na mizizi ipate pa kwenda. Masika yakishika unakata kila siku ya nne, na unang'oa magugu udongo ukiwa laini. Kipupwe unayapumzisha, unanyoosha kingo kwa kamba na panga. Vuli unaziba mapengo kwa vipandikizi. "Mwanamke utamdanganya," alikuwa akisema, "na bwana utamdanganya. Majani hayadanganyiki. Ulilolifanya Februari utalikuta Mei."

Mke wake, Mwanaidi, alikuwa mjamzito. Walikaa kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba, safu ya vyumba vitatu vya mawe vyenye paa la bati, cha kwao, cha mpishi Yohana, na cha mwisho chenye majembe na mashine ambamo nilitandika blanketi langu. Uwanja wa mbele ya chumba chake Mwanaidi aliufagia kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa, na kijani chochote kilichochungulia alikichimbua kwa ncha ya kisu. Kwake majani mlangoni yalikuwa alama ya nyumba iliyohamwa. "Mwanamume analia kule majani hayaoti," alikuwa akisema, "na mie huku nalia yanaota. Nyumba moja hii." Alikuwa akituwekea chakula mimi na Salum kwenye sinia moja, ugali na mchicha wa nazi, siku nyingine dagaa, na Yohana akija na mabaki ya meza kuu, shingo ya kuku au mkate uliokauka, tulikaa wote upenuni tukala. Yohana alikuwa mtu wa Tabora, Mkristo, na kila alichokisikia akiwa amesimama nyuma ya viti vya bwana, Mzungu mwenye nyumba, na wageni wake alituletea pamoja na mabaki.

Ni Yohana aliyetuletea neno lile. Alikaa, akavunja mkate, akasema, "Salum, leo umetajwa mezani."

"Kwa heri?"

"Bwana kasema zulia lako lina upara. Kasema mkubwa wake anakuja mwezi wa sita kunywa chai bustanini. Kasema baada ya masika akiona bado lina upara, atatafuta mtu mwingine."

Salum akacheka, lakini Mwanaidi hakucheka. Akaweka mwiko chini. Watoto wawili alikuwa amewazika Kinondoni, walikokuwa wakikaa kabla ya kazi hii, kwenye chumba cha makuti kilichovuja hivi kwamba usiku wa masika walilala wamekaa. Mmoja kifua, wa pili kifua. Huyu wa tatu alikuwa ameapa atazaliwa chini ya bati na atatimiza arobaini yake pakavu. Na chumba kilikuwa cha kazi, kazi ikiondoka nacho kimeondoka. "Umesikia, Salum?" akasema. "Umesikia lakini?" Nami nilisikia. Sitaki mtu aseme kwamba sikujua.

Basi mwezi wa tatu tukaanza kuchoma matundu. Tulikuwa hatujamaliza nusu alipokuja mtu kutoka Maneromango kusema kwamba mjomba wa Salum, aliyemlea, amefariki. Msiba ule haukuwa wa kukosa. Akaomba ruhusa ya siku nane, akanikabidhi kazi mbili. Ya kwanza, kupeleka mashine ya kukatia majani mjini kwa fundi Hasanali, Mhindi wa Kikhoja, inolewe visu. Ya pili, udongo.

"Sikiliza vizuri," akaniambia, keshavaa kanzu ya safari. "Unachukua mkokoteni unakwenda njia ya Kawe, vichakani. Kuna vichuguu vitatu vikubwa vilivyokufa. Unavunja, unaponda, unachekecha. Safari sita zinatosha. Kichuguu tu, sawa? Mchwa hawaachi mbegu hata moja ndani mwake. Njiani utaona udongo mweusi, mzuri, unakuita. Uache hapo hapo na uzuri wake."

"Nimeelewa, kaka."

"Umeelewa au umeitika?"

Nilikuwa nimeitika.

Mashine niliipeleka siku ile ile. Karakana ya Hasanali ilikuwa chumba kirefu chenye giza, kimejaa baiskeli zisizo na magurudumu, cherehani, pampu, saa za ukutani zilizofunguliwa matumbo. Mzee yule, mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaifungua mashine yetu mbele yangu na kuipanga vipande vyake juu ya gunia, kila kimoja kwa zamu yake, nami nikauliza hiki cha nini, akanijibu. Nikauliza kingine, akanijibu. Sikuwa nimekutana na mtu wa namna ile maishani. Akanionyesha jinsi kisu kinachozunguka kinavyotakiwa kuligusa bapa la chini bila kulisugua, na jinsi ya kupima, unaweka kipande cha gazeti katikati, unazungusha, kikikatika bila kuchanika basi visu vimekubaliana. "Kesho njoo, nitafungua injini ya pampu," akasema. Nikaja kesho. Nikaja na kesho kutwa. Siku nne nilikuwa pale tangu asubuhi mpaka anafunga, mikono imejaa mafuta, nafurahi kama mwendawazimu. Sijapata tena siku nne kama zile, na ndizo zilizomtoa Salum na mke wake kwenye chumba cha bati.

Siku ya tano mawingu yakajikusanya baharini. Salum alikuwa arudi baada ya siku tatu, matundu yalikuwa hayajaisha, na udongo sikuwa nimeleta hata debe. Kwenda Kawe na kurudi na mkokoteni uliojaa ilikuwa kazi ya siku nzima kwa safari moja. Lakini kila siku nikitoka kwa Hasanali nilikuwa nikivuka bonde la Msimbazi, na pale kulikuwa na majaruba ya zamani ya mpunga, yameachwa, udongo wake mweusi, unateleza mkononi kama samli. Mimi ni mtoto wa wakulima. Kwetu mtu akikuonyesha udongo mwekundu wa kichuguu unajua anataka kujenga ukuta, na akikuonyesha ule mweusi unajua anataka kula. Nikajiambia Salum anayajua majani, mimi naijua ardhi. Nikajiambia zulia litapendeza hata atanishukuru. Nilileta mikokoteni mitano kwa siku mbili, nikautandaza. Halafu, na hapa ndipo ninapojihukumu kila nikikumbuka, nikaenda Kawe mara moja tu, nikaleta mkokoteni mmoja wa kichuguu, nikaunyunyiza juu mpaka uwanja wote ukawa mwekundu. Ningekuwa nimeamini kweli kwamba mweusi ni bora, nisingeufunika.

Mvua ilianza alfajiri. Salum akafika mchana wake, amelowa, akakimbilia uwanjani kabla hajaingia kwake.

"Kichuguu?"

"Kichuguu."

"Cha Kawe?"

"Cha Kawe."

Akanipiga bega. "Wa bara wewe, leo umekuwa mtu."

Kwa wiki mbili zulia lilikuwa halijawahi kupendeza vile. Liliota kijani kizito, upara ukafunikwa, bwana akatoka na kahawa yake akasimama barazani akilitazama, na Yohana akaleta habari kwamba Salum ametajwa tena, safari hii kwa heri. Katika wiki ya pili Mwanaidi akajifungua mtoto wa kike, ndiye Zuhura, chini ya bati. Niliitwa mlangoni nimwone, uso mdogo umekunjamana, na Mwanaidi akasema kwa sauti ya uchovu, "Mwambie shikamoo mjomba," nasi tukacheka kwa sababu mtoto alipiga chafya.

Ndago zilitokea siku ya kumi na saba tangu mvua ianze. Kwanza nilidhani ni majani yetu yanayokua upesi, kwa sababu zilikuwa zimesimama wima, zinang'aa, zimeyazidi mengine urefu wa kidole. Kesho yake zilikuwa mamia. Ndago, kwa asiyeijua, ni gugu lenye shina la pembe tatu na chini yake kijinundu cheusi kama kunde. Ukiling'oa, shina linakuja na kijinundu kinabaki, na kilichobaki kinazaa vitatu. Mkulima wa mpunga anaishi nayo kama anavyoishi na mbu. Lakini juu ya majani yaliyokatwa sawasawa inaonekana kama ndui usoni.

Salum alichukua uma, akachoma, akainua bonge. Juu kulikuwa na wekundu mwembamba kama ukoko. Chini yake palikuwa peusi. Akalivunja bonge mkononi polepole, akatoa kijinundu kimoja, cha pili, cha tatu, akavipanga kiganjani.

"Huu udongo umetoka wapi?"

"Kawe," nikasema.

Hakuuliza tena. Tulipiga magoti wote wawili tukang'oa siku sita mfululizo, kwa misumari mirefu, na siku ya saba zilikuwa nyingi kuliko siku ya kwanza.

Bwana akatuita asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, alikuwa amekisomea na kufanyia mtihani, na hilo liliniuma zaidi, kwamba hakukuwa na neno lolote la kusingizia. "Salum, hii ni nini?"

"Ndago, bwana."

"Mwaka jana haikuwepo. Imetoka wapi?"

"Imekuja na udongo." Salum akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinisubiri, kama unavyomsubiri mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu. Nilipokaa kimya akasema, "Muulize huyu alikochota. Mimi nilikuwa msibani."

Bwana akanigeukia. Yohana alikuwa mlangoni mwa jiko na birika mkononi. Niliwaza kisu cha mkonge na barabara ya reli na mihogo ya kuomba. Si kwamba nilikuwa na mke, si kwamba nilikuwa na mtoto. Sikuwa na chochote cha kupoteza ila sinia moja na kona ya chumba cha majembe. Nikasema, "Nilichota pale aliponielekeza Salum, bwana."

Salum hakunikanusha. Alisema jambo moja tu: "Mke wangu hajatimiza arobaini, bwana."

"Pole sana," bwana akasema, kwa lafudhi nzuri kabisa. "Nakupa siku tatu." Kisha akaniuliza mimi kama ninaijua ile mashine.

Waliondoka siku ya tatu, mvua inanyunya. Mwanaidi alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni, kwa kuwa mzazi wa siku kumi na nne hatakiwi kuonwa na njia, na mtoto alikuwa kifuani ndani ya kanga nyingine. Kabla ya kutoka aliufagia uwanja, amejiinamia na mkono mmoja tumboni. Alipomaliza akasimamisha ufagio ukutani, akanitazama. "Umekula kwangu," akasema. Basi. Salum alikuwa amejitwika godoro, hakugeuka.

Nikapewa chumba chao na kazi yake. Yohana aliendelea kuniletea mabaki kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba, lakini alikuwa akiyaweka kizingitini na kuondoka, na habari za mezani hakunisimulia tena. Siku moja nilimfuata jikoni nikamwuliza Salum yuko wapi. "Temeke," akasema, akiwa amenipa mgongo. "Anaponda kokoto. Sasa umejua. Ulikuwa unapenda kujua mambo." Mkubwa wa bwana alikuja mwezi wa sita, akanywa chai, akazungumza habari za mashua, na kwa jinsi nilivyoona hakutazama chini hata mara moja. Nilikuwa nyuma ya ua nimeshika fyekeo, ninasubiri atazame. Nilitaka atazame. Nilitaka mtu aseme kwamba zulia lile limeharibika kiasi cha kustahili yaliyotokea.

Kipupwe chote na vuli yote niling'oa ndago. Nilijifunza kila kitu juu yake, kina chake, uzao wake, saa ya siku ambayo shina hukatika na saa ambayo hukubali kuja na kijinundu. Elimu hiyo haijanifaa popote. Januari iliporudi, nikaamka nikatazama uwanja, zinang'aa na umande. Nikakunja blanketi nikatoka. Sikuwa nimepanga kwenda popote, au ndivyo nilivyojiambia. Nilipita Kinondoni, nikashuka bondeni, nikapanda upande wa pili, nikapita mji, nikaenda na barabara ya kusini mpaka miguu ikavimba. Ilikuwa alasiri nilipoingia Temeke. Mama mmoja mnene alikuwa barazani kwake anachambua mchele, na nyumba yake ilikuwa na mlango mmoja wa uani uliofungwa kwa kamba tu. Nikamwamkia, nikamwuliza kama kile ni chumba cha kupanga.

"Ni cha kupanga kwa mtu," akasema. "Wewe ni mtu wa nani?"

"Wa bara, mama. Nimekuja kutafuta kazi."

"Wa bara wako wengi kama inzi. Hapa mjini nani anakujua? Nitajie mtu mmoja."

Nilisimama pale na blanketi langu. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima katika mji ule, na nilipotafuta jina kichwani sikupata ila moja. Nikalitaja.

"Salum mponda kokoto?" Uso wake ukafunguka. "Si ungesema tangu mwanzo. Yule ni mtu. Yupo nyumba ya tatu hapo." Akamwita mjukuu wake, akamtuma. Ningeweza kuondoka. Nilikuwa na muda wa kutosha kufika barabarani.

Alikuja na nguo za kazi, nyusi na kope zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Aliponiona akasimama. Ndani ya nyumba ya tatu mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, kilio cha mtoto mwenye afya.

"Salum baba, unamjua huyu?" mama akauliza.

"Namjua."

"Kasema mmefanya kazi pamoja. Nimpe chumba? Ukisema nimpe, ujue wewe ndiye mdhamini. Likitokea la kutokea sitamtafuta yeye, nakuja kwako."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyabeba miezi tisa. Salum akajifuta vumbi mdomoni kwa mgongo wa mkono.

"Mpe," akasema. "Likitokea, njoo." Akageuka akarudi zake kwa mtoto wake.

Mama akafungua kamba ya mlango, akasukuma, akaona bado nimesimama uani. "Sasa unangoja nini?" akasema. "Ingia. Umeshasemewa."